Kuvua na kuachia: kanuni za samoni wa baharini zinawafaa perege wa Mtera? Tuongee kwa hesabu

ChipogoloKwetu
Wakuu, habari za leo. Kuna rasimu ya kanuni za siku ya uvuvi wa ndoana Bwawa la Mtera, upande wetu wa Dodoma, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wazo ni kwamba kila mshiriki avue kadiri awezavyo toka alfajiri hadi jioni, ampime samaki, ampige picha, amrudishe majini. Mshindi ni aliyeachia wengi. Kanuni zenyewe zimenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka kwenye uvuvi wa samoni wa baharini huko pwani ya Pasifiki, Marekani na Kanada: ndoana isiyo na kijino (ile ncha ndogo ya nyuma inayozuia ndoana kuchomoka), mikono iloweshwe, samaki ashikiliwe ndani ya maji akiwa ameelekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

Maswali ni mawili. Kwanza, kumvua kiumbe kwa nia ya kumwachia ni sawa kimaadili? Pili, hata tukisema ni sawa, je, kanuni za samoni zinafaa kwa maji ya Mtera na samaki wa Mtera? Tarehe iliyopendekezwa ni Novemba. Naomba wenye ujuzi wajibu kwa hoja.

NdoanaTupu
Mkuu Chipogolo, nianze na samoni wenyewe, maana watu wananakili kanuni bila kuuliza zilitokana na tatizo gani.

Chinook na koho, samoni wa Pasifiki, huzaa mara moja tu maishani kisha hufa. Anayenaswa baharini bado hajazaa, kwa hiyo ukimuua umefuta uzao wake wote. Tena baharini samaki wa mito mingi huchanganyika. Wa mto wenye samaki tele na wa mto unaokaribia kuisha wanaogelea pamoja na kula chambo kilekile. Ili kuwatofautisha, vituo vya kutotolesha vifaranga hukata lile pezi dogo laini lililopo kati ya pezi la mgongo na mkia. Mvuvi akikuta pezi limekatwa, huyo ni wa kituoni na anaweza kuchukuliwa. Akikuta lipo, sehemu nyingi analazimika kumrudisha. Kuachia kule kulianza kama njia ya kuchagua samaki baada ya ndoana kushika, kwa sababu kabla ya hapo huwezi kujua umemnasa yupi. Na hali ikizidi kuwa mbaya hata huko kuachia hakutoshi: California walifunga kabisa uvuvi wa samoni baharini mwaka 2023 na tena 2024, wa biashara na wa burudani.

Sasa hesabu. Baraza linalosimamia uvuvi wa Pasifiki ya Marekani, likipanga msimu, huchukulia kwamba kwenye uvuvi wa burudani katika sehemu kubwa ya pwani asilimia 14 ya samoni wanaoachiwa hufa baadaye. Kwa boti za biashara zinazokokota mishipi ni asilimia 26. Chukua mtu mwenye ruhusa ya samaki wawili. Anawapata saa 2 asubuhi, anafunga vifaa, anaondoka. Ameua wawili na wote wataliwa. Mwenzake anashinda majini, anaachia 20, harudi nyumbani na hata mmoja. Zidisha 20 kwa 0.14 unapata 2.8. Karibu samaki watatu wamekufa na hakuna aliyewala. Ukitumia 26 wanakuwa watano.

Kanuni ya "aliyeachia wengi ndiye mshindi" inamzawadia aliyeua wengi. Hiyo ifutwe kabla hatujajadili kitu kingine.

Kizigo
Lakini mkuu, asilimia 86 wanaishi. Si afadhali kuliko wote kuingia kikaangoni?

NdoanaTupu
Kizigo, ni afadhali kama idadi ya walionaswa ni ileile. Ndiyo nukta yote ya hesabu ile: kuachia huondoa breki. Anayechukua samaki hufika kikomo akaacha. Anayeachia hana kikomo.

Pia 14 ni wastani wa hali nyingi tofauti. Pale Alaska, kwenye Mto Little Susitna, koho walionaswa na kuachiwa kwenye lango la mto, wakiwa ndiyo kwanza wanatoka baharini, walikufa asilimia 69. Walionaswa juu zaidi mtoni walikufa asilimia 12. Mto mmoja, samaki wa aina moja. Samoni akiwa bado na mwili wa baharini magamba yake hubanduka kwa kuguswa tu, na anapoyapoteza kinga ya ngozi inaondoka, chumvi na maji mwilini vinavurugika, fangasi na bakteria wanapata mlango. Halafu samaki wa langoni bado anakula kwa pupa, kwa hiyo ndoana inaingia kwa kina zaidi. Ndiyo maana jimbo la Washington linakataza hata kumwingiza botini samoni ambaye huruhusiwi kumchukua. Anafunguliwa akiwa majini, ubavuni mwa boti, na picha ya kumkumbatia kifuani haipo.

Rasimu ya Mtera inasema kila samaki apimwe na apigwe picha. Hiyo sehemu kumbe haikunakiliwa kutoka kwa samoni.

MamaPerege
Nawasalimu wote. Niseme upande ambao rasimu imeukwepa kabisa.

Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake Uingereza walichapisha utafiti juu ya trauti, ambaye ni wa ukoo mmoja na samoni. Walikuta kwenye uso na midomo kuna mishipa ya fahamu inayopokea maumivu. Walipowachoma midomoni sumu ya nyuki au tindikali ya siki, samaki walipumua kwa kasi, wakaacha kula kwa saa kadhaa, na baadhi wakasugua midomo kwenye changarawe. Mwaka uliotangulia, James Rose wa Marekani alikuwa ameandika kinyume: samaki hana ile tabaka ya nje ya ubongo ambayo binadamu huitumia kuyatambua maumivu, hivyo anachoonyesha ni mwitikio wa mwili tu. Mabishano yanaendelea mpaka leo. Kwangu mimi, kama kuna uwezekano wa kweli kwamba anaumia, anayetaka kumchoma ndoana ndiye mwenye wajibu wa kutoa sababu.

Chakula ni sababu. Mtu wa Mtera anayevua alishe watoto na auze ana sababu nzito na hahitaji kumwomba radhi mtu. Samaki akiwa mdogo akarudishwa ili akue, hiyo nayo ni sababu. Lakini mtu kumnasa samaki akijua tangu nyumbani kwamba hamhitaji, amchoshe, amtoe pumzi, apige picha, amrudishe, kisha amtafute mwingine, hapo sababu ni furaha ya mvuvi peke yake. Uswisi kanuni zao za ustawi wa wanyama za 2008 zinakataza kuvua kwa ndoana ukiwa na nia ya kuachia. Ujerumani sheria inadai sababu ya msingi kabla ya kumuumiza mnyama mwenye uti wa mgongo, na mchezo mtupu haukubaliki kuwa sababu. Kwetu Waislamu ipo hadithi sahihi inayokataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na wazee wetu wa Kigogo na Kihehe, sijawahi kusikia mahali walipofundisha mtu achezee kitoweo.

Kizigo
Mama, shikamoo. Hapo kwa Uswisi nina swali. Kama kuachia kumekatazwa, mtu akinasa kifaranga afanyeje? Amuue?

MamaPerege
Marahaba mwanangu. Hapana, samaki aliye chini ya kipimo anarudishwa. Kinachokatazwa ni nia ya tangu mwanzo. Tofauti ni kati ya kuachia kama wajibu na kuachia kama mchezo. La kwanza naliunga mkono kwa mikono miwili.

NdoanaTupu
Nakubaliana na mama kwenye tofauti hiyo, ila niongeze kitu. Nia njema haimsaidii samaki aliyeachiwa kama wajibu kisha akafa saa sita baadaye. Ukishakubali kwamba kuachia wadogo ni wajibu, basi vifaa na mbinu za kuwafanya waishi ni sehemu ya wajibu huohuo. Kumrudisha majini samaki anayekufa ni kutupa chakula.

Nkuhungu_Dom
Wakuu, niongelee maji, maana hapo ndipo kunakili kunapoharibika zaidi.

Samoni wa baharini wananaswa kwenye maji ya nyuzi joto 10 hadi 13 hivi. Maji ya bahari ya nyuzi 10 yaliyoshiba hewa yana oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Mtera ikijaa iko karibu mita 698 juu ya usawa wa bahari. Maji yasiyo ya chumvi ya nyuzi 28 katika mwinuko huo hubeba kama miligramu 7.2 yakishiba. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mwili wa samaki kwenye maji ya nyuzi 28 hudai oksijeni nyingi zaidi kuliko kwenye nyuzi 18. Kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka mahitaji huongezeka karibu mara mbili. Samaki aliyepigana na mshipi anadaiwa oksijeni, na deni hilo analilipa kwenye maji yenye akiba ndogo.

Ila tusiseme perege anateseka kwenye nyuzi 28. Hilo ni joto lake la kawaida, na ni mmoja wa samaki wavumilivu wa oksijeni ndogo. Samoni kwenye nyuzi 20 yuko hatarini tayari. Baadhi ya mito ya Kanada husimamisha uvuvi maji yakifika hapo. Kwa hiyo kanuni ya samoni ya "acha kuvua maji yakifika nyuzi 20" ingetufungia Mtera mwaka mzima bila sababu. Kila samaki ana mpaka wake.

Jambo la pili ni saa. Rasimu inasema kuanzia alfajiri kwa sababu kuna ubaridi. Kwa samoni ni sawa. Kwa bwawa lenye maji ya kijani ni kinyume: usiku mwani na viumbe vyote vinatumia oksijeni bila kuzalisha, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa cha siku ni muda mfupi kabla na baada ya jua kuchomoza. Bwawa la Hombolo, ambako maji yamejaa mwani, hilo ndilo tatizo hasa. Mtera maji ya wazi yanayopigwa na upepo yana nafuu, lakini ghuba zilizotulia zenye majani hazina. Saa 3 hadi saa 5 asubuhi ni muda bora: mwani umeshaanza kazi, jua halijawa kali, na ule upepo wa mchana unaowasumbua wenye mitumbwi bado haujaamka.

Tatu, Novemba. Ni mwisho wa kiangazi, bwawa limeshuka, maji ya pembeni ni ya kina kifupi na yana tope, samaki wamebanana, na wengi wanajiandaa kuzaliana mvua zikianza. Huo ndio mwezi mbaya kuliko yote. Juni au Julai kuna maji mengi na baridi.

Kizigo
Kambale je? Huyu hata ukimweka kwenye kiroba bodaboda anafika Dodoma mjini mzima.

Mpunguzi
Kizigo, kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, kwa hiyo ngozi ikiwa na unyevu anakaa nje muda mrefu. Hewa si shida yake. Shida yake ni kumeza. Anakula usiku, anameza chambo kizima, na ndoana inaishia kooni au tumboni. Kambale anayeondoka kwa nguvu zote akiwa na jeraha la tumbo anaweza kufa baada ya siku tatu, mahali ambapo hakuna atakayemwona. Uhai wa dakika ile usikudanganye.

Niende kwa perege, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo kanuni za samoni haziwezi kuyajua.

La kwanza ni mdomo. Perege jike wa hapa hutotoa mayai mdomoni na huwalinda vifaranga humohumo, jumla kama wiki mbili. Akinaswa na kutikiswa anayatema yote. Unamwachia mama akiwa mzima na uzao wake umeshaliwa na samaki wengine pale pale. Wakati huo jike hula kidogo, kwa hiyo mara nyingi anayenasa kwenye ndoana ni dume linalolinda kiota, ambalo hugonga chochote kinachopita. Dume likiondolewa hata kwa dakika chache, kiota kinavamiwa. Ukiona kwenye maji ya kina cha nusu mita hadi mita moja na nusu vishimo vya duara kama sahani chini ya maji, hapo pasivuliwe na mtu. Hakuna ndoana wala mbinu inayotibu hilo.

La pili ni kibofu cha hewa. Samoni ana mrija kati ya kibofu na koo. Akipandishwa kutoka kina kirefu anatoa hewa kwa mdomo na kurudi chini. Kambale vilevile. Perege hana mrija huo unaofanya kazi, na sangara pia. Hewa yake hutoka taratibu sana kupitia damu. Samaki wa kina cha mita 10 akiletwa juu, hewa ile hutanuka karibu mara mbili. Macho yanatoka, tumbo linavimba, mfuko wa chakula unasukumwa mdomoni, anaelea ubavu. Mkishika mkia wake na kumsukuma mbele kama samoni, ataelea tu mpaka ndege wamchukue.

Dawa si kumtoboa. Watu wengi hutoboa lile linalotokeza mdomoni wakidhani ni kibofu, kumbe ni mfuko wa chakula. Dawa ni kumrudisha kwenye shinikizo lake. Chukua kreti la plastiki la matunda, lisilo na vyumba ndani. Geuza mdomo uangalie chini. Funga kamba kwenye pembe nne za juu zikutane kwenye kamba moja ndefu. Zungushia ukingo wa chini uzito wa kilo tatu hadi nne, vipande vya nondo vinatosha. Mweke samaki ndani kutokea chini na ushushe taratibu. Kwa kuwa anaelea, anabanwa na kitako cha kreti kilicho juu yake na kushuka nacho. Kadiri kina kinavyoongezeka hewa inanywea, anapata uzito wake na kutoka mwenyewe kwa chini. Shusha angalau hadi nusu ya kina alikotoka, subiri dakika moja, vuta kreti tupu.

Na lile la "mshikilie majini mpaka apone" halifai hapa. Mtera ina mamba na viboko. Hombolo kuna kichocho. Kusimama ndani ya maji hadi magotini ukimbembeleza samaki ni kujitafutia ugonjwa. Tenga au kreti lililofungwa ubavuni mwa mtumbwi linafanya kazi hiyo bila mkono wa mtu kuingia majini.

NdoanaTupu
Mpunguzi umefafanua vizuri sana. Ngoja niweke upande wa vifaa, tumalize.

Kijino. Kibane kwa plaizi mpaka kilale kabisa, kisha pitisha ndoana kwenye kitambaa cha pamba. Ikinasa nyuzi wakati wa kutoka, bado hakijalala. Ndoana zenye ncha tatu zisitumike.

Ndoana ya duara hupunguza sana kumeza, kwa sababu ncha yake imegeukia ndani na hushika pembeni mwa mdomo wakati samaki anaondoka. Lakini wengi huiharibu kwa mazoea: samaki akigonga, wanapiga fimbo juu kwa nguvu, ndoana inatoka kavu. Kaza mshipi polepole tu. Kwa wavuvi wa California wanaoachia chambo kielee na mkondo, bila kukokota, watafiti waligundua samoni wanapata muda wa kumeza mpaka ndani, na vifo vikawa vingi kuliko vya kukokota. Funzo ni kwamba mshipi usilegee na fimbo isiachwe peke yake ukingoni. Fimbo iliyoachwa ndiyo inayomezesha.

Ukubwa. Namba ikipanda ndoana inapungua. Namba 10 itanasa kila kifaranga. Namba 4 hadi 6 itawakosa wengi wa wadogo, na huyo ambaye hajanaswa ndiye aliyeachiwa vizuri kuliko wote.

Uzi usiwe mwembamba kwa majivuno. Mashindano mengine yanasifu uzi mwembamba. Maana yake ni dakika nyingi za kumchosha samaki. Kwa perege uzi wa kubeba kilo 5 au 6, umlete haraka.

Hewa. Mwaka 1992 Ferguson na Tufts, Kanada, waliwachosha trauti kabisa maabara. Waliochoshwa tu walikufa asilimia 12. Waliochoshwa kisha wakawekwa nje ya maji sekunde 30, asilimia 38. Sekunde 60, asilimia 72. Ni hali kali ya maabara na trauti si perege, lakini mwelekeo unaeleweka: nje ya maji vile vijiti laini vya matamvua hulala na kushikana, damu haipati kitu. Weka kikomo cha sekunde 10. Ukitaka kujua ni ndefu kiasi gani, bana pumzi yako tangu samaki anapotoka majini.

Mikono ilowe, isiwe na mafuta ya kujipaka. Usimlaze kwenye mchanga, saruji, bati wala sakafu ya mtumbwi iliyopigwa jua la Dodoma. Usimwinue kwa taya akining'inia; mshike chini ya tumbo. Vidole visiingie kwenye matamvua.

Amemeza? Usichimbe. Kata uzi karibu na mdomo, iache. Ndoana ya chuma cha kawaida huoza. Ya chuma kisichoshika kutu hukaa, kwa hiyo msinunue hizo. Damu ikitoka kwenye matamvua, huyo hatapona. Kama ana kipimo halali, achukuliwe.

Kizigo
Na nitajuaje kama yupo sawa kabla ya kumwachia?

NdoanaTupu
Kuna vipimo vya haraka walivyovitumia kwa koho wa Mto Fraser, Kanada, walionaswa kwenye nyavu. Akiwa majini, mshike mkia: anajaribu kuchomoka? Mgeuze tumbo juu: anajirudisha ndani ya sekunde tatu? Mpindue upande: jicho linabaki likitafuta usawa, au linazunguka na mwili kama limekufa? Kifuniko cha matamvua kinafunguka na kufunga kwa mpangilio? Akishindwa moja, mpumzishe kwenye tenga. Akishindwa matatu, usijidanganye.

Na msimvute mbele na nyuma. Maji ya kurudi nyuma yanapita vibaya kwenye matamvua. Boti za biashara za samoni huko Kanada hubeba masanduku ya kupumzishia, bomba linapeleka maji mapya mbele ya mdomo wa samaki. Kwetu, tenga ubavuni na mtumbwi ukisogea pole pole mbele unatosha.

MamaPerege
Mmesema sana juu ya anayeachiwa. Nizungumzie na anayechukuliwa, maana naona wavuvi wengi wa burudani wanaweka huruma yote kwa samaki wa kuachia, halafu huyu wa kula wanamtupa kwenye ndoo kavu ahangaike nusu saa.

Anayechukuliwa auawe mara moja. Rungu fupi, pigo moja au mawili juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha kata matamvua damu itoke. Kambale fuvu lake ni gumu na pana, rungu dogo linamtesa tu. Kata uti wa mgongo nyuma ya kichwa kwa kisu kizito. Halafu barafu, kilo moja kwa kilo moja ya samaki kwa joto letu. Samaki aliyehangaika anamaliza nguvu iliyokuwa kwenye misuli, anakakamaa mapema, nyama inalegea na kuharibika haraka. Atakayemla atalijua hilo jioni.

Na tusisahau nyavu, kwa sababu samaki wengi wa Mtera hawafi kwa ndoana. Wavu wa kutega ukilala majini usiku kucha, perege mdogo aliyenaswa anatolewa asubuhi ameshakufa. Hapo hakuna wa kuachia. Tundu la wavu ndilo linalochagua, na limechagua tangu dukani. Kokoro na timba, zana zinazokomba vifaranga, haziwezi kusahihishwa na huruma yoyote ya mtumbwini. Ziwa Victoria kipimo cha sato ni sentimita 25 na sangara sentimita 50. Kwa Mtera waandaaji waende ofisi ya uvuvi ya halmashauri wapate vipimo na kibali kwa maandishi, na waongee na kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo husika kabla ya kupanga lolote. Si haki wageni kutoka mjini waje kuwachosha samaki wa mwalo ambao wenyeji wameambiwa wapunguze kuvua.

ChipogoloKwetu
Ahsanteni sana. Naomba nipendekeze mabadiliko haya kwa waandaaji, mniambie kama kuna kasoro.

Tarehe ihamie Julai, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Ushindi wa kuachia wengi ufutwe. Kila mshiriki achukue samaki wasiozidi watano wenye kipimo halali, ashinde mwenye uzito mkubwa, na samaki wote waliwe au wauzwe kupitia mwalo. Wadogo warudi majini bila picha. Maeneo ya viota na maji ya kina kirefu yasivuliwe.

Nkuhungu_Dom
Kasoro moja. Ukisema watano wenye uzito mkubwa, mtu akipata wa sita mkubwa atamtupa mdogo aliyekaa ndani ya ndoo saa nzima. Samaki huyo haponi. Andikeni: watano wa kwanza halali ndio wanahesabiwa, akifika watano anakunja mshipi, hakuna kubadilisha.

MamaPerege
Naunga mkono. Hapo inakuwa siku ya kuvua chakula, na kuachia kunabaki kuwa wajibu.

Mpunguzi
Jike mwenye mayai au vifaranga mdomoni mmemwacha. Akinaswa, hata kama kipimo kinaruhusu, arudishwe palepale alipotoka, ndoana ifunguliwe kichwa kikiwa majini, na mtumbwi uhame eneo hilo. Na waandaaji wahesabu hao walioachiwa kwenye fomu: ndoana ilishika wapi, damu ipo au haipo, aliondoka vipi. Fomu ikionyesha zaidi ya mmoja kati ya kumi wamemeza, mkaguzi asimamishe uvuvi kwa nusu saa, ndoana zote zibadilishwe ziwe kubwa zaidi.

Kizigo
Fomu ya karatasi itaharibika kwenye maji. Tumieni penseli na kibao cha plastiki.

ChipogoloKwetu
Sawa. Naongeza hivyo, napeleka kwa waandaaji leo jioni.